Wafilipino wa Delano Wasisahauliwe

Mwanafunzi akiulizwa ni nani aliyewaongoza wachuma zabibu wa California katika mgomo wa mwaka 1965, aghalabu atalitaja jina la César Chávez. Simlaumu, kwani ndivyo vitabu vingi visimuliavyo. Hata hivyo, nawaomba walimu waongeze jina la pili, nalo ni Larry Itliong.

Itliong alikuwa Mfilipino. Tarehe 8 Septemba 1965, mjini Delano, Wafilipino wa chama chake ndio waliotangulia kugoma, wakidai dola 1.40 kwa saa. Matajiri wa mashamba hawakubabaika, maana hila yao ilikuwa ya miaka mingi: wakigoma Wafilipino, huletwa Wameksiko kuchuma, wakigoma Wameksiko, huitwa Wafilipino. Hata kambi za kulala zilitenganishwa, ili kila upande udhani kwamba adui yake ni jirani wala si tajiri. (Msomaji wa Kenya, nadhani, hahitaji kufafanuliwa hila hiyo.)

Itliong alijua kwamba bila Wameksiko mgomo ungekufa. Akamwendea Chávez, ambaye alisitasita, kwa kuwa chama chake kilikuwa kichanga na hazina yake haba. Lakini tarehe 16 Septemba wanachama wa Chávez walikutana kanisani wakaamua kugoma. Wale wale waliotarajiwa kuziba pengo la wenzao walikataa kuliziba! Wakala chungu kimoja katika ukumbi wa Wafilipino, na mwaka 1966 vyama viwili vikawa kimoja. Wanunuzi kote Marekani waliombwa wasusie zabibu, hata Julai 1970 matajiri wa Delano wakatia sahihi mikataba.

Walakini, sipendi habari hii isomeshwe kama sherehe tupu. Katika chama kipya Wafilipino walikuwa wachache. Utaratibu mpya wa kugawa kazi kupitia ofisi za chama ulivitawanya vikosi vyao vilivyozoea kuchuma pamoja, na malalamiko yao hayakupata masikio ya kutosha. Mwaka 1971 Itliong akajiuzulu. Alifariki mwaka 1977, na ni mwaka 2015 tu ambapo jimbo la California lilipitisha sheria ya kumkumbuka kila tarehe 25 Oktoba, siku aliyozaliwa.