Goma: Dawa ya Banki Kuu haifiki mahali banki zimefungwa

Wakaaji wa Goma wanasikia kwenye redio kwamba Banki Kuu ya Congo, BCC, inapigana na kupanda kwa bei. Wakifika sokoni wanauliza: mbona unga wa fufu na makala havishuki? Swali hilo ni la haki.

Silaha moja ya BCC ni akiba ya lazima, yaani sehemu ya feza za wateja ambayo banki hairuhusiwi kukopesha. Mfano: mfanyabiashara anaweka franga 100,000. Akiba ikiwa asilimia 10, banki inabakiza 10,000 na kukopesha 90,000. Hizo zikiwekwa banki nyingine, inakopesha 81,000, na kuendelea hivyo. Mwishowe hesabu za wateja zinaweza kufika franga milioni moja. Akiba ikipandishwa hadi asilimia 20, haziwezi kupita 500,000. Feza za kununulia zikipungua, bei inapoa.

Congo ina sababu ya kuogopa feza kupita kiasi. Mwaka 1994, baada ya utawala wa Mobutu kuchapisha noti bila kipimo, bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Tangu miaka ile watu wengi wanaamini dola kuliko franga, na BCC haichapishi dola.

Lakini dawa hii inapitia ndani ya banki. Goma, banki zilifunga milango mwisho wa Januari 2025, wakati M23 iliingia mjini. Hapo hakuna mikopo ya kupunguza. Kinachokosekana ni noti zenyewe. Familia iliyokimbia vita ikitumiwa feza kwa simu, inakatwa sehemu ili ipate noti mkononi, na noti iliyochakaa inakataliwa sokoni. Barabara zikifungwa na mashamba yakiachwa, bei inapanda hata kama mifuko ni mitupu.

Kwa hiyo Kinshasa isitangaze ushindi kwa hesabu ya inchi nzima peke yake. Na wanaoshika Goma wajue kwamba banki haifanyi kazi bila usalama wa feza za wateja na bila noti kutoka BCC. Pande mbili za mazungumzo ya Doha ziweke jambo hili mezani mapema: banki zifunguliwe, noti zilizochakaa zibadilishwe, barabara za chakula ziachwe wazi. Mama mwenye watoto hawezi kungoja mpaka mikataba yote isainiwe.