Tusiliue somo la historia vyuoni, tuyaue madesa

Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kutoa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya Wakenya 5,228 kwa mateso waliyoyapata kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau. Wazee wale hawakufika hapo kwa huruma ya mtu. Serikali hiyo iliipinga kesi yao mpaka ikabanwa na karatasi zake yenyewe: mwaka 2011 ilikiri kwamba ina rundo la faili zilizoondolewa Nairobi mkesha wa uhuru na kuwekwa Hanslope Park, kaskazini mwa London, zisionekane na umma. Mmoja wa waliowezesha faili hizo kudaiwa ni mwanahistoria David Anderson, aliyekuwa amefuatilia nyaraka kwa miaka na kujua kuna zisizokuwa mahali pake. Yeye, Caroline Elkins na Huw Bennett ndio waliotoa ushahidi wa kitaalamu katika kesi hiyo. Wote watatu walikuwa wanahistoria wa vyuo vya Uingereza na Marekani.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Fedha ya umma inayokwenda kwenye shahada ya historia haipaswi kununua watu wa kukariri tarehe. Inapaswa kununua watu wanaoweza kuifungua faili, kuuliza iliandikwa na nani, kwa faida ya nani, na nini kimeachwa nje, kisha kuipima kwa maneno ya wale ambao faili inawasema bila kuwauliza. Chuo cha umma kinachotoa watu wa namna hiyo kinastahili kila shilingi. Kisichowatoa kina shida, lakini shida hiyo haiponi kwa kulifuta somo.

Tanzania iliwahi kuifanya kazi hii vizuri. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, chini ya watu kama John Iliffe na Gilbert Gwassa, iliwatuma wanafunzi wake kuwahoji wazee waliokuwa bado wanaikumbuka vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Gavana wa Kijerumani, Götzen, alikuwa amekwisha kuandika maelezo yake, na lawama kubwa akawatupia waganga na uchochezi wao. Wazee wa Umatumbi walizungumzia pamba: mashamba ya lazima chini ya jumbe na akida, kazi iliyomwondoa mtu shambani kwake msimu wa kilimo, na malipo duni. Kwa kumbukumbu zao vita ilianzia Nandete kwa kung'oa miche ya pamba. Lakini mwanafunzi aliyekwenda Songea hakukuta kilio hicho cha pamba, kwa kuwa Wangoni waliingia vitani kwa sababu zao. Ndiyo maana wanahistoria wa baadaye waliweza kuutumia ushahidi uleule kuihoji simulizi ya taifa moja lililoinuka kwa sauti moja, simulizi ambayo Mlimani yenyewe ilikuwa imesaidia kuijenga. Elimu ya historia ni hiyo: ushahidi ukikusanywa kwa uaminifu, humsahihisha hata aliyeukusanya.

Sasa tazama anavyosoma mwanafunzi ambaye wengi wanamfahamu leo. Anaingia ukumbini na mamia ya wenzake, anatoa kopi ya madesa, yaani notisi zilizokwisha kuandaliwa, kwenye stationery iliyo nje ya geti, anakariri sababu tano za ukoloni na athari sita za biashara ya utumwa, anazimwaga kwenye mtihani wa mwisho wa muhula, kisha anazisahau. Anaweza kumaliza miaka mitatu bila kukanyaga Nyaraka za Taifa. Wengi wa hawa wanasomea ualimu, na mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili shuleni. Mwalimu aliyelelewa kwa madesa atagawa madesa, na mtoto atajifunza kwamba historia ni orodha ya majibu yaliyokwisha kuandaliwa na serikali au na mwenye kitabu.

Mzazi ana haki ya kuuliza: mwanangu ataajiriwa wapi? Swali si la kubezwa, maana ajira za ualimu hazitoshi na kijana anatoka chuoni na deni la Bodi ya Mikopo mgongoni. Lakini wahandisi nao wapo mtaani na vyeti vyao, kwa hiyo kulifuta somo la historia hakuongezi nafasi hata moja ya kazi. Anayejua kupima ushahidi ana la kufanya katika gazeti, mahakama, baraza la ardhi, makumbusho, halmashauri na utalii wa Kilwa au Bagamoyo. Aliyekariri madesa hana, na hapo mzazi yuko sahihi kabisa.

Wengine husema nchi maskini ianze na sayansi. Uganda imeufuata mkondo huo hata kwenye mishahara: mwaka 2022 ilimpandishia mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 za huko, walimu wa masomo ya sanaa wakagoma. Sayansi tunaihitaji, hilo halina ubishi. Ila mwaka 2012, baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta Ziwa Nyasa, mgogoro wake na Tanzania kuhusu mpaka uliibuka upya, na hoja za pande zote mbili hazikutoka maabara. Zilitoka kwenye mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890, ulioweka mpaka ufukweni, na kwenye ramani za enzi ya Mwingereza zinazopingana, nyingine zikiuchora katikati ya maji. Kabla mhandisi hajatoboa, lazima mtu awe amesoma karatasi hizo, na asomaye kwa niaba yetu afadhali awe wetu.

Imebaki hoja ya gharama, lakini kazi kama ile ya Maji Maji inaweza kufanywa leo bila fedha nyingi. Mwaka 1968 ilikuwa imepita miaka 63 tangu Maji Maji kuanza. Leo imepita kiasi cha miaka 50 tangu Operesheni Vijiji ihamishe mamilioni ya watu, na aliyekuwa na miaka 20 wakati huo amepita 70. Kila likizo wanafunzi wanarudi kwa hao wazee, mfukoni wana simu inayorekodi, na lugha ya nyumbani wengi wanaijua. Kila mmoja aagizwe kuleta mahojiano mawili, ayalinganishe na nyaraka za wilaya yake, atetee alichoandika mbele ya mwalimu, na chuo kihifadhi rekodi zote. Kazi hiyo ipewe alama nyingi kuliko mtihani wa kukariri. Chuo kisichoweza kufanya hata hilo hakina haki ya kudai fedha ya umma kwa jina la historia. Kinachoweza kikidai, kipewe.