USHURU WA GARI TUNALIPA SISI

Wako wanaosema ushuru wa magari ya nje ni shauri la wenye mali wa mjini. Si kweli. Hebu pigeni hesabu. Pikapu ikifika bandari ya Dar es Salaam kwa shilingi 10,000,000, ushuru wa forodha asilimia 25 ni 2,500,000. Halafu VAT asilimia 18 inatozwa juu ya zote mbili, 2,250,000. Tayari ni 14,750,000, na kodi zingine bado! Mwenye gari atazirudishia wapi? Kwenye gunia lako na nauli yako.

Ushuru wa kulinda kiwanda chetu naukubali. Lakini pikapu ya mtumba kutoka Japani, hapo tunamlinda nani? Trekta la kilimo halitozwi ushuru huo. Basi pikapu ya ushirika inayobeba mahindi nayo ifikiriwe vivyo hivyo. Hoja hii tumpe mbunge.

Katibu wa Tawi