Kisangani: Msimu wa soka unaoamuliwa na tiketi ya ndege kabla ya mpira kuanza

Novemba 2025, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilisherehekea. Mjini Rabat, Leopards waliitoa Cameroon kwa bao 1-0 la nahodha Chancel Mbemba, na siku tatu baadaye wakaiondoa Nigeria kwa mikwaju ya penalti. Ndoto ya kurudi Kombe la Dunia, ambako nchi hiyo ilikuwa imecheza mara moja tu, mwaka 1974 ikiitwa Zaire, ikafufuka upya.

Lakini kikosi hicho kimejengwa kwa wachezaji wanaolipwa nje ya nchi, wengi wao Ulaya. Kipimo cha soka ya nyumbani ni mashindano mengine. Agosti 2025, katika CHAN, michuano ya wachezaji wa ligi za ndani iliyoandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda, Congo ilifungwa na Kenya katika mechi ya kwanza na kuaga hatua ya makundi. Hii ndiyo nchi iliyotwaa kombe hilo mwaka 2009, ilipofanyika kwa mara ya kwanza, na tena mwaka 2016. Ukitaka kujua kilichotokea katikati, Kisangani ni mahali pazuri pa kuanzia.

Jiji lenye timu, lisilo na msimu wa uhakika

Makao makuu ya jimbo la Tshopo hayajawahi kukosa watu wa mpira. AS Makiso, inayobeba jina la mtaa wa katikati ya jiji, TS Malekesa na AS Nika zote zimewahi kucheza ligi ya taifa, Linafoot. Uwanja wa Lumumba unabeba jina la mtu aliyekuwa karani wa posta katika jiji hilo likiitwa Stanleyville, kabla hajawa waziri mkuu wa kwanza wa nchi. Upinzani kati ya timu hizi ni wa mitaa, wa familia na wa kijiweni, na hauhitaji kutangazwa.

Kinachokosekana ni msimu wa uhakika, yaani ratiba inayoanza tarehe iliyotangazwa, mechi za nyumbani na ugenini zinazochezwa zote, na jedwali linalofungwa kwa haki. Bila hayo klabu haiwezi kumsainisha mchezaji mkataba wa maana, kumwahidi mdhamini idadi ya mechi, wala kuuza tiketi za msimu mzima.

Sababu ya kwanza iko kwenye ramani. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa mstari ulionyooka, na kwa njia ya mto ni kilomita zipatazo 1,700. Lubumbashi iko mbali zaidi angani. Hakuna barabara ambayo timu inaweza kupanda basi Alhamisi ikacheza Jumapili katika mojawapo ya miji hiyo. Boti huchukua siku nyingi, wakati mwingine majuma. Inabaki ndege.

Msafara wa kawaida wa timu, ukihesabu wachezaji, makocha, daktari na viongozi, hufikia watu 25 hivi. Hao wote wanahitaji tiketi ya kwenda na kurudi, hoteli na chakula, kwa kila mechi ya ugenini. Ndege ikiahirishwa, gharama ya hoteli inaongezeka na mechi inayofuata inavurugika. Kwa timu ya Kinshasa, sehemu kubwa ya wapinzani iko ndani ya jiji lake. Timu ya Kisangani huanza kila msimu ikiwa na deni la safari ambalo wengine hawana.

Kanda au ligi moja?

Kwa miaka mingi Linafoot ililijibu tatizo hili kwa kugawa nchi katika kanda. Timu za mashariki zilikutana zenyewe kwa zenyewe, za magharibi vivyo hivyo, kisha walioshika nafasi za juu wakakutana katika mchujo wa mwisho. Ni katika mfumo huo ambapo timu za Kisangani, Kindu, Bukavu, Goma na Butembo zilipata nafasi ya kuonekana.

Msimu wa 2018-19 ligi iliachana na kanda na kuziweka timu zote katika jedwali moja. Kwa mtazamo wa michezo uamuzi ulikuwa na mantiki, kwa kuwa bingwa anapaswa kucheza na kila mtu, na televisheni hutaka mechi kubwa kila wiki. Kwa mtazamo wa fedha, ligi ilijitwisha mzigo ambao haikuwa na mabega ya kuubeba. Msimu wa 2019-20 ulikatizwa na janga la Uviko-19. Pigo zito zaidi likaja na msimu wa 2022-23. Baada ya kusimama mara kwa mara kwa matatizo ya fedha na ratiba, ulifutwa na hakukuwa na bingwa.

Maana ya msimu kufutwa huonekana vizuri zaidi kwa timu ndogo. Klabu kubwa yenye mashindano ya Afrika hubaki na jukwaa lake. TP Mazembe, kwa mfano, ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu uliofuata, 2023-24. Timu ya jimbo haina jukwaa jingine. Mishahara iliyokopwa hairudi na mchezaji aliyefunga mabao hana jedwali la kumwonyesha wakala. Kijana wa miaka 22 hupoteza mwaka ambao soka haimrudishii.

Msimu wa 2023-24 ligi ilirudi kwenye makundi mawili na mchujo, na Mazembe ikatawazwa bingwa. Kurudi huko kulikuwa kukiri, ingawa hakuna aliyesema hivyo, kwamba ramani ya Congo haikubali ligi ya jedwali moja bila fedha za kuilipia.

Hata nchi tajiri hupanga ligi zake kwa kuangalia ramani. Nchini Marekani, timu 30 za ligi kuu ya besiboli hucheza mechi 162 kila moja kwa msimu mmoja, zikivuka bara zima kwa ndege, kwa sababu mapato ya televisheni ya taifa hugawanywa kwa timu zote. Katika ligi za chini, ambako fedha ni kidogo na wachezaji husafiri zaidi kwa basi, mpangilio ulibadilishwa mwaka 2021 ili timu za eneo moja zikutane zaidi na safari zipungue.

Vita vimepunguza uwanja

Tangu mwanzo wa 2025 hesabu imekuwa ngumu zaidi. Waasi wa M23 waliiteka Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Miji hiyo miwili ndiyo nyumbani kwa Dauphin Noir, Bukavu Dawa, Muungano na Étoile du Kivu, timu ambazo kwa Kisangani zilikuwa wapinzani wa kanda moja.

Kanda ya mashariki bila Goma na Bukavu ni nyembamba. Klabu iliyopoteza uwanja wake inapoteza pia viingilio, mashabiki na wafadhili wa mjini, na ikicheza ugenini msimu mzima inakuwa mzigo kwa ligi nzima. Kwa upande mwingine, Kisangani imebaki miongoni mwa miji mikubwa ya upande huo iliyo mikononi mwa serikali, ikiwa na uwanja mkubwa wa ndege wa Bangboka. Kwa kupanga vizuri, ingeweza kuwa kituo cha kupokea mechi za kanda nzima. Hilo linahitaji uwanja wenye nyasi, taa na vyumba vinavyokubalika, pamoja na usalama unaoaminika. Uamuzi wa hayo hauko mikononi mwa klabu.

Jirani aliyefika mbali

Wapo watakaosema jiji la ndani ya msitu haliwezi kushindana na Kinshasa na Lubumbashi. Kindu inapinga. Makao makuu ya Maniema yako kusini mwa Kisangani, juu ya mto uleule, na njia ya kale kati yao ni reli ya kilomita 125 hadi Ubundu kisha mto. Kindu ni ndogo kuliko Kisangani. Hata hivyo AS Maniema Union ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024-25, ikapangwa na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR. Ilimaliza mkiani, lakini ilifika.

Mafanikio hayo yana funzo la pili, lisilopendeza. Mechi zake za nyumbani za Afrika zilichezwa Kinshasa, si Kindu. Timu ilipanda, uwanja wa mji haukupanda nao. Mashabiki walioilea wakaitazama kwenye televisheni, na viingilio vikabaki mji mkuu.

Kindu pia imetoa mchezaji anayejulikana vyema kwa wasomaji wa Kiswahili. Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union kwenda Yanga ya Dar es Salaam mwaka 2023. Kabla yake walipita Fiston Mayele na Djuma Shaban, wote kutoka AS Vita Club, na Henock Inonga aliyetoka Motema Pembe kwenda Simba. Mayele alihamia Pyramids ya Misri na kutwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka 2025.

Kwa nini Tanzania? Jibu si hali ya hewa. Mwaka 2021 ligi ya Tanzania iliuza haki za matangazo kwa Azam Media kwa miaka 10, kwa shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo hugawiwa klabu zote kwa viwango vinavyojulikana, na mechi ya mkoani huonekana kama ya Dar es Salaam. Congo ina vipaji vingi na idadi ya watu kubwa kuliko Tanzania, lakini ligi yake haina chanzo cha aina hiyo.

Pengo hilo huzibwa na mfuko wa mtu mmoja. Mazembe ilipaa chini ya Moïse Katumbi, tajiri na mwanasiasa, hadi kuwa na ndege yake na kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010. Klabu nyingi huiga sura hiyo bila kuwa na mfuko huo. Rais wa klabu huwa mbunge, waziri wa jimbo au mfanyabiashara anayetaka jina. Akipoteza uchaguzi au wadhifa, timu hukosa nauli.

Yanayoweza kufanyika

Kuigawa nchi upya hakukusaidia peke yake. Mwaka 2015 Province Orientale iligawanywa kuwa Tshopo, Ituri, Haut-Uele na Bas-Uele. Kisangani ilibaki makao makuu ya jimbo dogo zaidi, ikipoteza fedha za maeneo ya dhahabu, na soka yake ikabaki na wafadhili wachache kuliko zamani.

Hatua tatu ziko ndani ya uwezo. Ya kwanza ni ligi kuacha kubadilisha mfumo kila baada ya misimu michache: makundi ya kijiografia yatangazwe kwa miaka kadhaa, ili klabu ijue safari zake na mdhamini ajue anachonunua. Ya pili ni fedha zozote za serikali au za udhamini kuanza na usafiri wa timu za mbali, kwa utaratibu ulio wazi, kabla ya zawadi ya bingwa.

Ya tatu iko Kisangani kwenyewe. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji anapouzwa nje ya nchi kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Mtoto aliyeanzia Mangobo au Kabondo anaweza kuilipa timu yake ya kwanza miaka kumi baadaye, ikiwa tu aliandikishwa rasmi, kwa jina na umri sahihi, katika kila klabu aliyopita. Kazi hiyo inahitaji karani mwaminifu, kompyuta na intaneti. Klabu inayoifanya leo hujiwekea akiba isiyotegemea uchaguzi ujao.

Leopards wanaweza kuendelea kushinda kwa vijana waliolelewa Brussels na Paris, na furaha yao ni ya kweli hadi mitaa ya Tshopo na Lubunga. Haitoshi kuifanya soka ya nchi iwe hai. Kipimo chake ni chepesi zaidi: timu ya Kisangani ianze msimu ikijua siku utakaokwisha, na ucheze hadi siku hiyo.