Mfanyakazi Asichaguliwe Kartiye na Umaskini

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wakaaji wa Butembo na Beni,

Leo tunasema juu ya nyumba. Kila siku watu wanaingia katika miji yetu kutafuta kazi. Wengine wanatoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Lubero, wengine mashambani, wengine wamekimbia vita. M23 walipoiteka Goma mwezi wa Januari 2025, ofisi za jimbo zilihamia Beni, na watu wengi wakazifuata. Wote wana swali moja: nikakae kartiye gani?

Wazee wetu hawakuulizwa swali hilo. Butembo ilianza kukua katika miaka ya 1920 kama kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya dhahabu, Minière des Grands Lacs. Mchimbaji alionyeshwa mahali pa kulala, akanyamaza. Katika miji mikubwa ya Kongo, Mzungu alikuwa na upande wake, mtu mweusi na sité yake, na usiku haikuruhusiwa kuvuka bila karatasi. Hayo yaliisha.

Lakini tuulizane: mfanyakazi wa leo anachagua kweli? Komisionere anataka malipo kwa kukuonyesha mlango tu. Mwenye nyumba anataka garanti ya miezi 6, na wengine zaidi. Mtu aliyekuja na sanduku moja na watoto wanne atazitoa wapi? Basi anakwenda penye bei ndogo. Butembo, hapo ni mteremkoni, kando ya korongo, ambapo kila mvua inakula udongo karibu na ukuta. Beni, ni nyumba ya mwisho, mji unapokwisha na mashamba kuanza. Tarehe 13 Agosti 2016, wauaji waliingia Rwangoma, pembeni mwa mji wa Beni, wakaua watu zaidi ya 40. Waliouawa walikuwa watu wa jembe na kazi kama sisi.

Na wakubwa wengine husema: nani aliwatuma kukaa kule? Tunawajibu: umaskini ndio uliowatuma, na ninyi mliuona ukiwatuma.

Kuna sheria, ndugu. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema kwamba garanti ya nyumba ya kukaa haiwezi kupita miezi 3 ya kodi. Ni sheria ya Kongo, si ombi. Kwa nini haifuatwi? Kwa sababu mpangaji anakwenda kwa mwenye nyumba peke yake, na nyuma yake wanangoja wengine kumi. Anaogopa, analipa, hata risiti haombi. Sheria ambayo hakuna anayeidai ni karatasi tu.

Kwa hiyo, wewe unayehama, sikiliza. Usilipe nyumba ambayo hujaiona. Nenda siku ya mvua, utazame maji yanapita wapi. Waulize wanawake kwenye bomba wanapanga foleni saa ngapi, na bomba linakauka mwezi gani. Tembea mwenyewe kutoka nyumbani hadi kazini, saa ile ile utakayotembea kila siku. Kama njia inakutisha leo, itakutisha zaidi ukirudi usiku. Kodi inayoonekana ndogo, ongeza juu yake pesa za pikipiki za mwezi mzima, ndipo uhesabu. Andikeni mapatano, na risiti iandikwe garanti ni miezi mingapi.

Ukishaingia, jionyeshe kwa shefu wa avenyu na kwa majirani. Hapa kwetu, mgeni asiyejulikana anashukiwa, na shaka imewatesa watu wasio na kosa. Tena usitafute watu wa kabila lako tu. Nyumba ikishika moto usiku, anayekuja na ndoo ni jirani. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali.

Nanyi wenyeji wenye nyumba, hatuwachukii. Wengi wenu mlijenga kwa jasho, tofali juu ya tofali. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone, wazee walisema. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji amnyonye. Mfanyakazi aliyemaliza akiba yake kwa garanti hanunui kitu sokoni, na soko hilo ni lenu pia.

Tunadai mambo matatu. Kwanza, kila komini ibandike sheria ya garanti mlangoni, kwa Kiswahili na kwa Kinande, watu waisome. Pili, wapangaji wa kila kartiye wakutane, wawe na mjumbe wa kwenda pamoja na mtu anayeonewa. Tatu, serikali ilinde pembe za mji kama inavyolinda barabara ya maofisi.

Zamani tulikatazwa kuchagua kwa amri. Leo tunakatazwa kwa pesa. Tuliishinda amri tukiwa pamoja.

Wapangaji, kutaneni!