Mazungumzo ya Jioni: Nyimbo Zilizonyamazishwa



Mama yangu alikuwa na wimbo wake wa kusagia. Kila alfajiri alipiga magoti mbele ya jiwe, akaanza kusaga mtama, akauimba kwa sauti ya chini, na jiwe likafuata mwendo wa wimbo. Sisi watoto tuliokuwa tungali mkekani tulijua kwa wimbo ule kwamba usiku umekwisha. Lakini mama alikuwa Mkristo, tena mtu wa kuogopa kukosa. Akimwona mwalimu wa dini anakuja njiani, aliukata wimbo katikati, akasaga kimya mpaka mwalimu amepita. Hakuna aliyenieleza sababu. Nilijifunza mwenyewe ya kuwa wimbo wa mama ni kitu cha kufichwa.

Basi nilipokua nikawa mwalimu, nami nikafanya vivyo hivyo. Siku moja mtoto aliimba darasani wimbo wa bibi yake, nikamnyamazisha, nikamwambia kwamba hapa tunaimba nyimbo za kitabu. Mtoto yule hakuimba tena mbele yangu. Mama amekwisha lala. Leo nakumbuka sauti ya wimbo wake tangu mwanzo hata mwisho, bali maneno nimebaki nayo mawili tu, wala sina mtu wa kumwuliza.

Nimekumbushwa hayo na binti yangu, ambaye naye ni mwalimu. Jioni moja, baada ya sala ya nyumbani, alitusikilizisha kwa simu yake wimbo wa kijana wa nchi ya Kanada, kisha akatueleza habari zake. Nilipolala usiku ule sikupata usingizi. Ndiyo maana mwezi huu nataka tuzungumze habari za wenyeji wa asili wa Kanada na nyimbo zao, maana habari hizo zinatuhusu sisi tulio wa Kanisa kuliko tunavyodhani.

Kabla Wazungu hawajafika Kanada, nchi ile ilikuwa na wenyeji wake, mataifa mengi yenye lugha mbalimbali, na kila taifa lilikuwa na nyimbo zake. Katika pwani ya magharibi, jimbo liitwalo sasa British Columbia, ukoo ulimiliki nyimbo kama sisi tunavyomiliki mashamba, wala mtu hakuthubutu kuimba wimbo wa ukoo mwingine bila idhini. Walikuwa na karamu kubwa iitwayo potlatch. Mkuu aliwaita watu wa mbali na wa karibu, akawagawia mali yake, na majina ya wazazi na haki za watoto zikatangazwa kwa nyimbo na ngoma mbele ya mashahidi. Kwa watu wasioandika vitabu, hiyo ndiyo iliyokuwa daftari ya ukoo na hati ya urithi.

Mwaka 1884 serikali ya Kanada, ikihimizwa na wamisionari na mawakala wake, ilitunga sheria ya kukataza potlatch, nayo ikaanza kutumika mwaka 1885. Hata hivyo watu waliendelea kwa siri. Siku za Krismasi mwaka 1921, watu wa taifa la Kwakwaka'wakw walikusanyika katika kisiwa kidogo kwa karamu ya mkuu mmoja, Dan Cranmer. Serikali ikapata habari. Watu 45 walishtakiwa, na makosa yao yalikuwa kutoa hotuba, kucheza ngoma, na kuwachukulia watu zawadi. Wengine walifungwa gerezani, na vinyago vyao vya thamani vikatwaliwa, vikapelekwa katika majumba ya makumbusho ya mbali. Fikirini, ndugu zangu: katika majira ambayo Kanisa lote huimba kwa furaha, watu hawa walikuwa wakisakwa kwa sababu ya ngoma. Sheria ile iliondolewa mwaka 1951 tu.

Tena palikuwa na shule za bweni. Kwa zaidi ya miaka mia moja watoto wa wenyeji, jumla yao zaidi ya 150,000, walichukuliwa makwao wakatiwa katika shule zilizolipiwa na serikali na kuendeshwa na makanisa: ya Kikatoliki, ya Kianglikana, ya Kimethodisti, ya Kipresibiteri, na baadaye Kanisa la Muungano la Kanada. Walikatwa nywele, na wengi waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao. Majina ya watoto zaidi ya 4,000 waliokufa kwa ajili ya shule hizo yamekwisha andikwa, na wengine hawajajulikana hata leo. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990.

Mnaijua Zaburi ya 137, habari ya mateka waliotundika vinubi vyao kando ya mito ya Babeli. Waliowateka waliwataka waimbe nyimbo za kwao, nao hawakuweza kwa uchungu. Watoto wa Kanada mambo yao yaligeuzwa: walitamani kuimba nyimbo za kwao, na waliowachukua wakawakataza. Na waliowakataza walikuwa wakibeba kitabu kile kile chenye Zaburi hiyo.

Sasa nirudi kwa kijana wa simu ya binti yangu. Jina lake Jeremy Dutcher, mtu wa taifa la Wolastoqiyik, mashariki ya Kanada. Jina hilo maana yake ni watu wa mto mzuri, nao ndio mto ambao ramani huuita Saint John. Dutcher alisomea muziki katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, akafundishwa kuimba kwa kanuni za Ulaya. Mama mmoja mzee wa taifa lake, Maggie Paul, mwimbaji na mtunza nyimbo, akamwambia kwamba zipo nyimbo za wazee wao zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho, akamtuma akazisikilize.

Kijana akaenda. Akakuta sauti zilizonaswa katika nta mwanzoni mwa karne ya ishirini na mtaalamu mmoja, William Mechling. Siku zile sauti ilinaswa hivi: mtu aliimba mbele ya pembe kubwa, na sindano ikachora mistari katika mwanzi wa nta uliokuwa ukizunguka. Sindano ikipita tena katika mistari ile, sauti hutoka, nyembamba, yenye mkwaruzo kama mvua juu ya bati. Dutcher akaketi na sauti hizo siku nyingi, akirudia sehemu ndogo ndogo mpaka asikie neno. Miongoni mwa nyimbo hizo zilikuwamo ambazo watu wake walikuwa hawaziimbi tena. Kazi yake yote ilichukua miaka mitano. Mwaka 2018 akatoa santuri yake, Wolastoqiyik Lintuwakonawa, yaani nyimbo za taifa lake, akiimba kwa lugha yake na kupiga piano. Na mahali pengine sauti ya mzee wa zamani inasikika kutoka katika nta, na kijana anaiitikia. Mwaka huo huo alipata tuzo ya Polaris, tuzo kubwa ya muziki ya Kanada. Walakini iliyotufanya tunyamaze sote nyumbani ni ile sauti ya mzee, si habari ya tuzo. Amekufa zamani, naye anaitikiwa na mjukuu ambaye hakumwona.

Hata huko kaskazini kwenye barafu mambo yalikuwa hayo hayo. Wanawake wa Inuit wana uimbaji wao uitwao katajjaq: wawili husimama wakikabiliana, wakipokezana sauti za koo na pumzi, wakiiga upepo au bata bukini, na anayeshindwa kwanza kwa kucheka ndiye aliyeshindwa. Wamisionari wengi waliukataza mchezo huo wakidhani ni mambo ya mashetani, na katika vijiji vingine ukakaribia kupotea. Mabibi wachache walioukumbuka wakawafundisha wajukuu, na leo wasichana wanauimba tena hadharani.

Najua mwalimu mmojawapo atauliza, “Je, watuambia turudie mambo tuliyoyaacha tulipobatizwa?” La, ndugu. Yapo mambo ambayo Mkristo huyaacha kwa moyo wake wote, nami siyatetei. Bali wimbo wa kumlaza mtoto una dhambi gani? Au wa kusaga, au wa kuvuta kasia, au wa kumlilia marehemu? Sisi wenyewe huimba kila Pasaka wimbo wa “Mfurahini, Haleluya.” Maneno yake yalitungwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, alipokuwa akisoma uchungaji Makumira, na sauti yake ni ya Wahaya. Leo waimba wimbo huo hata Ulaya na Marekani. Kama sauti ile nayo ingalizikwa pamoja na wazee, Pasaka yetu ingalipungukiwa.

Makanisa ya Kanada yamekiri kosa. Kanisa la Muungano liliomba radhi mwaka 1986, na tena mwaka 1998 kwa ajili ya shule. Waanglikana mwaka 1993. Wapresibiteri mwaka 1994. Na Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda mwenyewe Kanada mwezi wa Julai 2022. Huko Maskwacis, alipokwisha kusema, mwanamke mmoja alisimama mbele yake, akaimba kwa Kikree huku machozi yakimtiririka. Hakuwamo katika ratiba. Papa alimsikiliza. Nadhani hilo lilikuwa jambo la haki kupita hotuba zote za siku ile, kwamba Kanisa lisimame kimya, na aliyenyamazishwa aimbe.

Tangu mwaka 2021 tarehe 30 Septemba ni siku ya taifa huko, siku ya ukweli na upatanisho. Lakini siku moja kwa mwaka ni haba. Ukumbusho wa kweli ni kazi ya kila siku, kama sala. Mungu alipowavusha Israeli katika Yordani aliwaamuru wasimamishe mawe 12, ili watoto wakiuliza maana yake, wazazi wawaeleze. Wimbo nao ni jiwe la namna hiyo. Ukiusikia, mtoto atauliza ni wa nani, na kwa nini haukuimbwa miaka mingi. Nawe itakupasa kujibu.

Sisi nyumbani tumeanza desturi ndogo, nami nawatajia kwa wale watakaopenda.

Kwanza, kila jioni baada ya sala tunasikiliza wimbo mmoja tu. Hatuli, hatufumi, wala hatuzungumzi mpaka umekwisha. Hatuelewi maneno, lakini kusikiliza usichokielewa bila haraka ya kukihukumu ni adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyokosekana zamani.

Pili, tunataja jina la mwimbaji na la taifa lake. Watoto wa shule zile waliitwa kwa namba; basi sisi tuwataje watu wao kwa majina.

Tatu, hatuuchukui wimbo kuwa wetu. Nimekwisha kuwaambia kwamba nyimbo nyingine ni mali ya ukoo. Mwalimu asiufundishe shuleni kwa kupiga makofi na kucheza kwa maonyesho, kama kitu alichookota njiani. Aliyealikwa kusikiliza na asikilize.

Nne, tunakaa kimya kidogo, kisha kila mtu ajiulize moyoni, “Ni nani niliyemnyamazisha mimi?” Ni swali zito. Jioni ya kwanza mimi nilimkumbuka yule mtoto wa darasani.

Nilimtafuta. Sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Nilimwambia kosa langu, nikamwomba radhi. Akacheka kidogo, akasema, “Mwalimu, hayo ni ya zamani.” Nikamwuliza kama angali anaukumbuka wimbo wa bibi yake. Akatazama chini muda mrefu, akasema amekwisha usahau. Sikuwa na la kumjibu. Nilimsamehesha, lakini wimbo haukurudi.

Kwa hiyo nawasihi, ninyi mlio na wazee nyumbani. Wenzetu wa mto mzuri walikuwa na nta iliyowatunzia sauti. Wengi wetu hatuna hata hiyo. Leo jioni, kabla ya kulala, mwendee bibi yako au babu yako, ukae chini karibu naye, useme, “Bibi, niimbie ule wa zamani.” Huenda akasitasita na kutazama mlangoni, kama mama yangu alivyokuwa akitazama njia. Mwambie kwamba hakuna anayekuja kumkataza. Kisha unyamaze, usikilize mpaka mwisho, na kesho umwombe tena.

Mungu awabariki nyumbani mwenu. Kwa herini mpaka mwezi ujao.