Daftari la Wiki: Waliochwelewa

Neno la Kiingereza “belatedly”, ambalo waandishi wa magazeti hulitumia kwa jambo lililotendwa baada ya wakati wake kupita, lina nasaba ya kale kuliko sura yake inavyodhihirisha. Shina lake, “late”, lilikuwa katika Kiingereza cha zamani sifa ya kiumbe mzito na mvivu wa mwendo, na maana ya kupitwa na saa ilikuja baadaye. Katika karne ya 17 mtu “belated” alikuwa msafiri aliyeingiliwa na usiku kabla hajawasili, na John Milton, katika utenzi wake Paradise Lost uliotoka mwaka 1667, alimwita hivyo mkulima aliyechwelewa njiani.

Kuchwelewa! Lugha yetu, iliyopata kuchelewa kutokana na kucha, yaani kukutwa na asubuhi, ilipata pia kuchwelewa kutokana na kuchwa, yaani kukutwa na machweo, na mimi nasikitika kwamba ndugu wa pili hasikiki tena ila kwa nadra, kwa maana ndiye anayemfaa zaidi msafiri.

Matumizi ya neno hilo la Kiingereza yana sharti. Gari moshi likikawia halisemwi hivyo, bali husemwa salamu, shukrani au haki ambayo mtu alikuwa akiidai, na kwa hiyo ndani yake mna lawama. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, alitamka katika bunge la Uingereza masikitiko ya serikali yake kwa mateso waliyotendewa Wakenya katika hali ya hatari iliyotangazwa na utawala wa kikoloni mwaka 1952, na fidia ikakubaliwa kwa watu 5,228. Sijui mahali ambapo neno hilo lingestahili zaidi, hasa nikikumbuka kwamba wazee wale walipopeleka madai yao mahakamani London mwaka 2009, serikali ilijitetea, pamoja na hoja nyingine, kwa kusema kwamba muda wa kushtaki umekwisha, maana yake wenye kuchelewa ni wao walioteswa. Oktoba 2012 jaji aliikataa hoja hiyo, na kwa kauli yangu alihukumu kwa insafu.